Spika za Bapa za Zamani: Kuzitengeneza na Kuzitia Waya Upya Nyumbani

Kuna sebule ambazo ukiingia utakuta mbao mbili pana na nyembamba, zimevikwa kitambaa na kusimamishwa kando ya ukuta. Mgeni hudhani ni kiambaza cha kugawia chumba. Kumbe ni spika. Hazina sanduku wala ile duara ya karatasi tuliyoizoea, na ukizitazama kwa ubavu utaona unene wake hauzidi sana upana wa vidole vitatu.

Mtu akirudi na mzigo kutoka Uingereza, Marekani au Ghuba, au akinunua vyombo vya mkono wa pili, huweza kuangukia jozi yake. Zikianza kukwaruza au upande mmoja ukinyamaza, hupelekwa kwa fundi wa redio. Fundi akitafuta koni haioni, basi husema, "Hizi zimekufa." Hapo hutupwa, na mbao zake zikafanywa rafu.

Mara nyingi huwa hazijafa. Kilichokufa ni gundi. Makala haya yanaeleza spika hizi zinavyofanya kazi, namna ya kuupata ubovu wake, na namna ya kuzitengeneza kwa vifaa vya kawaida. Lakini kuna aina moja ambayo asiye na ujuzi hafai kuifungua kabisa, kwa kuwa inaweza kumuua. Tuanze na hiyo.

Kwanza ijue spika yako

Tazama nyuma ya kila spika. Je, mbali na waya za amplifaya, ina waya yake ya kuchomeka kwenye soketi ya stima ya ukutani? Ikiwa inayo, hiyo ni spika ya umemetuli. Iliyo mashuhuri zaidi ni Quad ESL ya Uingereza, iliyobuniwa na Peter Walker na kutolewa mwaka 1957. Baadaye ikafuatwa na ESL-63 mwaka 1981. Ndani yake mna utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji, ukining'inia baina ya sahani mbili zenye matundu. Katika ile ya 1957, paneli za besi hupewa takriban volti 6,000, na ya sauti nyembamba takriban volti 1,500. Chaji hiyo hubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Spika ya namna hii ikiharibika, ichomoe, iweke kando, na utafute fundi aliyewahi kufanya kazi ya stima ya volti kubwa. Usiifungue.

Ikiwa haina waya ya stima na ina vituo vya waya za amplifaya tu, basi yaelekea ni ya sumaku. Maarufu katika kundi hili ni Magneplanar za Marekani. Mbunifu wake, Jim Winey, alikuwa mhandisi, na mwaka 1969 alianzisha kampuni ya Magnepan huko White Bear Lake, Minnesota. Aina zake kubwa za mwanzo, Tympani, zilikunjika kama kiambaza hasa. Baadaye zikaja MG-I, MG-II, MG-III na ndogo iitwayo SMG. Hizi ndizo zinazotengenezeka nyumbani, na ndizo tutakazozieleza.

Inavyotoa sauti

Ndani ya fremu mna sahani ya chuma yenye matundu mengi. Juu ya sahani hiyo zimebandikwa tepe ndefu za sumaku, zimepangwa wima kama mistari ya daftari, ncha ya kaskazini ikifuatwa na ya kusini, zikipokezana. Mbele ya sumaku, kwa nafasi ya milimita chache, umetandazwa utando wa Mylar, yaani plastiki nyembamba ya jamii ya poliesta. Juu ya utando huo zimegundishwa waya nyembamba za alumini zinazopanda na kushuka.

Amplifaya ikipitisha mkondo ndani ya waya, sumaku huisukuma na kuivuta. Kwa kuwa waya imeshikana na utando, utando wote hutikisika na hewa nayo ikatikisika. Sauti hutoka mbele na nyuma kwa pamoja. Ndiyo sababu udi, kanuni na fidla husikika vizuri mno katika spika hizi, kama kwamba wapigaji wamo chumbani. Na ndiyo sababu vilevile hazina kishindo cha besi cha kutikisa madirisha.

Tukilijua hilo, tunajua pia maradhi yake. Waya ikibanduka kwenye utando, itaupigapiga na kutoa mlio wa nyuki. Waya ikikatika, upande utanyamaza. Utando ukichanika au ukilegea, besi itapotea au itapasuka.

Pwani ina maradhi yake

Gundi ya kiwandani huzeeka popote duniani. Huwa ya njano, hukauka ikawa unga, au hulainika ikanata. Jua na joto huharakisha jambo hilo. Kwetu sisi huongezeka chumvi. Upepo wa baharini huingia nayo ndani, hukaa juu ya waya, na unyevu wa usiku huifanya maji ya chumvi. Pale alumini inapoungwa na shaba, maji hayo huila alumini. Mwenye mashua anayajua haya: metali mbili za namna mbalimbali zikikutana ndani ya maji ya bahari, moja huliwa na nyingine. Waya nyembamba kama uzi haichukui muda kuisha.

Kwa hiyo fundi wa Mombasa, Malindi au Lamu aanzie kwenye maungio, hata kabla ya kuutazama utando.

Kuupata ubovu kabla ya kufungua

1. Badilisha waya za kulia na kushoto kwenye amplifaya. Ubovu ukihamia spika ya pili, basi ni wa amplifaya au waya. Ukibaki palepale, ni wa spika.

2. Tazama fyuzi iliyo nyuma, ikiwa spika yako inayo. Badilisha kwa fyuzi ya kiwango kilekile. Usitie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara wala kipande cha waya. Fyuzi ya shilingi chache imewekwa pale ili waya ya utando isiungue.

3. Safisha vituo vya waya kwa msasa laini sana, kisha ufunge vizuri. Wakati mwingine kazi huishia hapo.

4. Pima kwa mita upande wa ohmu. Magneplanar nyingi huhesabiwa kuwa za ohmu 4 hivi, na mita itasoma karibu na hapo. Isiposoma kitu, waya imekatika. Namba ikirukaruka unapogusa kituo, ungio limeliwa. Kumbuka kuwa sehemu ya sauti nyembamba hupitia kapasita, na kapasita haipitishi mkondo wa betri ya mita. Sehemu hiyo ipime moja kwa moja kwenye waya ya utando. Ukiipimia nje utadhani imekatika na kumbe ni nzima.

5. Kwa mlio wa nyuki, tumia programu ya simu inayotoa toni. Anza toni nzito ya hezi 60, panda polepole hadi 300, kwa sauti ya chini. Mahali panapolia vibaya patie alama ya chaki juu ya kitambaa.

Vifaa na mahali pa kazi

Utahitaji bisibisi, koleo ndogo la kung'olea pini, brashi laini za kuchorea, pamba ya vijiti, spiriti safi, mita, tochi, tepu ya karatasi, gundi, na pini mpya za kurudishia kitambaa. Gundi bora ni ile ya maji, ya jamii ya kubandikia fomaika, ambayo hubaki laini baada ya kukauka. Gundi ya matone inayoshika papo hapo haifai, kwa kuwa hukauka kama kioo, na utando ukitikisika inapasuka. Gundi nzito ya fundi viatu nayo huacha madonge, na uzito wake huua sauti nyembamba.

Chagua siku kavu. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndiyo miezi mizuri huku kwetu. Ukigundisha katikati ya mvua za masika, unyevu utabaki chini ya gundi na kazi haitadumu.

Laza spika juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Muwe wawili kuinyanyua, kwani chuma na sumaku vyake ni vizito. Ondoa mezani kila kitu cha chuma kisichohitajika. Sumaku hizi huivuta bisibisi kutoka mkononi, nayo ikienda hupita kwenye utando kwanza. Vua saa na pete. Usiipige msasa wala kuikereza chuma karibu nayo, kwani unga wa chuma ukiingia ndani hautoki.

Kuifungua

Piga picha kila hatua. Andika "juu", "chini", "mbele" na "nyuma" kwa penseli. Fungua mbao za ubavuni, ambazo hushikwa na skrubu. Kisha ng'oa pini za kitambaa moja moja. Kitambaa hiki huvikwa kama soksi. Kivue polepole na ukitunze, maana kupata kingine kinachopitisha sauti vivyo hivyo si rahisi. Kikiwa kichafu, kifue kwa mkono kwa maji baridi na ukianike kivulini.

Sasa upande usio na sahani ya chuma utauona utando na waya zake. Mulika kwa tochi kutoka ubavuni. Waya iliyobanduka hutupa kivuli mbali na yenyewe. Iliyoshikana kivuli chake kiko chini yake. Tia alama kila ilipobanduka, kwa kipande kidogo cha tepu ya karatasi kilichobandikwa kwenye fremu, wala si kwenye utando.

Kugundisha waya zilizobanduka

Ikiwa waya ni nzima na zimebanduka tu, usizitoe. Kwanza ondoa gundi iliyokufa kwa brashi kavu. Iliyobaki ifute kwa pamba yenye spiriti kidogo, na usiisugue. Acha ikauke. Fungua madirisha ya chumba na pasiwe na moto karibu.

Paka gundi kwa brashi nyembamba chini ya waya na kando zake, kisha ilaze waya kwenye mstari wake wa zamani. Ibonyeze taratibu kwa kijiti cha mbao. Nyuma ya utando hakuna kitu ila nafasi ndogo na sumaku, basi ukibonyeza kwa nguvu utaunyoosha utando na hautarudi. Pale waya inapokataa kulala, izuie kwa vipande vidogo vya tepu ya karatasi hadi ikauke. Halafu paka safu moja nyembamba juu yake. Safu nene si imara zaidi. Ni uzito tu.

Acha saa 24. Rudia toni za simu kabla ya kurudisha kitambaa.

Kutia waya upya

Hii ni kazi ya pale waya ilipoliwa na kutu sehemu nyingi au ilipoungua. Inataka siku kadhaa, na inataka hesabu.

Kwanza, chora ramani. Tandaza karatasi ya kupigia ruwaza inayopenyeza mwanga juu ya utando na ufuatishe kila mstari wa waya, pamoja na mahali inapoanza na inapoishia. Tia mishale ya njia ya mkondo. Hapo ndipo wengi hukosea. Baina ya tepe mbili za sumaku, waya zote lazima zipeleke mkondo upande mmoja, tuseme juu. Baina inayofuata, zote ziupeleke chini. Ukikosea, nusu ya utando itasukuma na nusu itavuta, na besi yote itapotea ijapokuwa mita inasoma sawasawa.

Pili, nunua waya ya alumini ya unene uleule. Wako wanaoshauri waya ya shaba kwa kuwa hupatikana katika kila mota iliyoungua. Tufanye hesabu. Shaba ina uzito wa gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo, alumini ni 2.7. Utando utabeba waya yenye uzito zaidi ya mara tatu, na sauti nyembamba itazimika. Tena shaba hupitisha stima kwa urahisi zaidi: waya iliyokuwa ya ohmu 4 kwa alumini itakuwa ya ohmu 2.4 hivi kwa shaba ya unene uleule. Amplifaya nyingi za nyumbani hupata joto na kuungua kwa mzigo huo. Kwa hiyo umetafuta kuokoa shilingi mia chache za waya ukapoteza amplifaya.

Tatu, toa waya kuukuu polepole, safisha utando, kisha uanze kulaza mpya kwa kuifuata ramani. Iwe imenyooka bila kuvutwa kwa nguvu. Mwenzako ashike bobina, wewe ugundishe. Pima ohmu kila unapomaliza mstari mmoja, ili ikikatika ujue imekatikia wapi.

Nne, maungio. Alumini ikikwanguliwa hupata ngozi mpya mara moja kwa kuguswa na hewa, na risasi ya kulehemu ya kawaida haishiki juu ya ngozi hiyo. Kuna njia mbili: tumia dawa ya kulehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini, kisha uisafishe yote kwani hula metali, au ubane waya ndani ya kijibomba kidogo kwa koleo. Njia yoyote utakayoichagua, malizia kwa kupaka vanishi juu ya ungio lote, isibaki nafasi ya hewa ya chumvi kuingia. Ungio lisilopakwa hapa pwani litakurudisha mezani.

Tano, jaribu kwa betri ya volti 1.5. Gusisha waya zake kwenye vituo kwa nukta moja tu. Utando wote usogee upande mmoja. Fanya hivyo kwa spika zote mbili, chanya kwa chanya. Moja ikienda mbele na ya pili nyuma, umegeuza vituo vya mojawapo, na ukizipiga pamoja muziki utasikika mwembamba, hauna katikati.

Utando uliochanika

Tundu dogo au mchaniko wa sentimita moja huzibwa kwa tepu nyembamba sana ya poliesta, pande zote mbili ikiwezekana. Mchaniko mrefu hauzibiki. Kubadilisha utando mzima ni kazi nyingine, kwani lazima uvutwe kwa mkazo ulio sawa kila upande, na mkazo huo ndio unaoamua sauti. Asiyewahi kuifanya asijifunzie kwenye jozi yake pekee.

Krosova

Ndani ya kijisanduku cha nyuma mna kapasita na koili zinazogawa sauti nene na nyembamba. Kapasita za zamani huchoka. Zikibadilishwa, ziwe na mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi. Ziwe za aina isiyo na chanya na hasi, kwa kuwa mkondo wa muziki hugeuka kila mara, na kapasita yenye chanya na hasi huweza kuvimba na kupasuka. Badilisha za spika zote mbili kwa pamoja, ama kulia na kushoto hazitalingana.

Kuzirudisha na kuziweka

Vika kitambaa, kaza pini, rudisha mbao. Simamisha spika mbali na ukuta wa nyuma, mita moja hivi ikiwezekana, kwa sababu sauti ya nyuma inahitaji nafasi. Ukizibandika ukutani utazilaumu bure. Usiziweke mkabala na dirisha la upande wa bahari wala kwenye jua la alasiri. Fremu ni za mbao za unga, na maji ya kupigia deki yakizifikia huvimba zisirudi, basi ziinue juu ya miguu au vipande vya mbao. Zisipotumika zifunike kwa shuka.

Kwa jaribio la mwisho, tia wimbo wa udi na sauti ya mtu bila ngoma nyingi. Udi wa Zein l'Abdin au sauti ya Juma Bhalo vitakuonyesha kila kasoro. Ukisikia uzi ukikwaruzwa na pumzi ya mwimbaji bila mlio wa nyuki, kazi imekwisha.

Kabla ya kununua au kutupa

Anayeuziwa jozi ya mkono wa pili na aombe ziwashwe. Apige toni za simu, amulike tochi kupitia kitambaa, aguse fremu ya chini kama imevimba. Jozi inayolia kama nyuki yafaa kununuliwa kwa bei ya chini, kwani gundi hutengenezeka. Ambayo tepe zake za sumaku zimebanduka kwenye sahani au fremu yake imekuwa kama mkate uliolowa, aiache.

Na aliyeachiwa jozi na mzee wake, akaambiwa zimekufa, asizitupe kabla ya kushika mita na kupima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wenyewe hapa mara nyingi ni sentimita chache za waya zilizobanduka.